Ngazi za Marumaru

Hakuwa na gari. Hakuwa na nyumba wala kiwanja, wala mjomba mwenye cheo ambaye jina lake angelitaja pale mambo yanapokwama. Kimo nacho kilimpita kando. Akisimama nyuma ya sanamu zinazovalishwa nguo kwenye dirisha la duka, mpita njia haoni kitu ila nywele. Baba yake alifariki angali mdogo, na mama akamfuata kabla mtoto hajajua kufunga kamba za viatu. Maneno matamu ya kuwaambia wanawake hakuwa nayo kabisa. Aliyokuwa nayo ni "inua mkono kidogo," "geuka," na "usipumue nimalize." Tena, juu ya yote hayo, hakuwa na neno moja dogo ambalo hata mtoto wa miaka miwili analo tele mdomoni. Hakuwa na neno "hapana." Mbele ya mama yake mkubwa hasa, neno hilo lilikuwa halijapata kuzaliwa.

Alichokuwa nacho ni mikono. Gauni likimpwaya bibi harusi mabegani, likimbana kiunoni, likimburura miguuni, lilitoka mikononi mwake limemkaa kama ngozi ya pili. Kazini mdomo wake ulikuwa umejaa pini, zimepangwa midomoni kama meno ya samaki, na kwa sababu hiyo mtaa mzima ulimwita Pini. Mtu mwenye pini mdomoni haongei. Akiulizwa neno huitikia kwa pua tu: "Mm." Mama Mkubwa, aliyemlea, na ambaye duka lilikuwa lake, aliipenda sana tabia hiyo.

Duka lilikuwa barabara kuu, mahali pazuri, na lilikuwa na nguo nzuri. Lakini fahari yake haikuwa nguo. Fahari yake ilikuwa ngazi za mlango wa mbele, marumaru meupe, pana chini na nyembamba juu kama sketi iliyotandazwa. Marehemu mume wa Mama Mkubwa alizijenga mwenyewe mwaka wa mwisho wa uhai wake. Tangu hapo ikawa ndio desturi ya duka: kila bibi harusi aliyenunua gauni pale alisimamishwa juu ya ngazi, mkia wa gauni ukamwagwa mpaka chini, akapigwa picha. Watu walitoka mbali kuja kutafuta picha ile.

Na aliyeipiga ni binti mwenye studio iliyokuwa mkabala, ng'ambo ya barabara. Yeye walimwita Jicho.

Jicho alikuwa akitembea kwa kiti cha magurudumu tangu utotoni. Bibi harusi akiwa tayari, yeye huvuka barabara, hukaza breki chini ya ngazi, huinua kamera. Kwa kuwa alipiga akiwa chini, kila mwanamke katika picha zake alionekana mrefu, kama anayepanda kwenda kutawazwa. Picha hizo zilitundikwa ukuta mzima ndani ya duka. Mwenyewe hakuwahi kuziona zilivyotundikwa. Ngazi zile alizozipiga picha kuliko mtu yeyote duniani hazikumruhusu kuingia.

Akitaka nguo, Pini humpelekea. Huvuka barabara na magauni mkononi, yakipepea, huku wenye magari wakimpigia honi. Humtandazia studioni, yeye huchagua, Pini hupima, hurudi na mengine. Penzi lao lilizaliwa hapo, katikati ya magauni. Ilianza kwa mzaha wa kukosea kipimo makusudi ili arudi kupima tena. Ikaja siku Pini akamaliza kupima na hakuondoka. Wakatazamana, tepu ingali mkononi, mpaka chai waliyoletewa na mama yake Jicho ikapoa mezani.

"Nikikuuliza swali fulani," Pini alisema siku hiyo, "utanijibu ndiyo?"

"Uliza uone," Jicho akasema, na kicheko chake kikamfuata Pini mpaka kitandani.

Pini hakuuliza. Kwanza alitaka kumwambia Mama Mkubwa. Na Mama Mkubwa, alipodokezwa, alikuwa anakata kitambaa. Hata mkasi hakuuweka chini.

"Umekosa wenye miguu?"

Pini alikuwa na pini mdomoni. Angeweza kuzitema. Hakuzitema.

"Mm," akasema, na neno hilo likamkaa kooni kama mwiba tangu siku hiyo.

*

Ijumaa moja alivuka barabara na magauni matatu. Jicho alikuwa kwenye meza yake anafuta lenzi, na hakuinua uso.

"Rudisha," akasema.

"Hujayaona hata."

"Sitaki kuyaona hapa. Kesho nataka nije kule. Kuna gauni la kijani nimeliona dirishani kwa mbali. Nataka kulishika mwenyewe."

"Nitakuletea hilo la kijani. Nilikuwa sijui tu, ni dakika moja..."

"Pini." Sasa aliinua uso. Macho yake yalikuwa makubwa na meusi, na yakikutazama unajua kabisa kwamba umeshapigwa picha. "Wewe unafikiri napenda hizi safari zako?"

"Mimi nazipenda."

"Mimi pia nilizipenda. Mwanzoni. Lakini jana kaka yangu kaniuliza swali, sikupata jibu. Kaniuliza, 'Mtu anayekuuzia nguo barabarani, atakuoa wapi? Barabarani vilevile?'"

Pini alianza kuyakunja magauni.

"Unajua kwamba sijui kioo chenu kikoje?" Jicho aliendelea, sauti ikishuka. "Sijui harufu ya duka lenu. Wenzangu wakinunua nguo wanazurura humo saa nzima, wanagusa hiki, wanakataa kile, wanasengenyana kwenye chumba cha kujaribia. Mimi naletewa tatu, nichague moja, niseme asante. Kama mgonjwa anayeletewa uji."

"Shida ni ngazi, Jicho."

"Ngazi nazijua. Ngazi hazina ubishi, ni mawe. Mwenye ubishi ni mtu. Utamwambia Mama Mkubwa kwamba kesho naingia kwa mlango wa mbele, kwa kiti changu?"

"Nitamwambia."

"Utamwambia kwa mdomo, au kwa pua?"

Pini akacheka, akamshika mkono, akaapa. Kisha akavuka barabara. Mama Mkubwa alikuwa kaunta ana hasira na muuza vifungo, na Pini akaona hiyo haikuwa saa nzuri. Ikaja saa nzuri, akaona angoje nzuri zaidi. Duka likafungwa hajasema kitu.

*

Jumamosi alikuja bibi harusi mwenye gauni la mkia mrefu kuliko yote ya mwaka ule. Wakampandisha, mkia ukamwagwa, ndugu zake wakajipanga kando, watu wakasimama kutazama. Chini ya ngazi, kwenye kiti chake, alikaa Jicho. Kamera ilikuwa mapajani. Kifuniko cha lenzi kilikuwa hakijatolewa.

"Piga basi, dada," bibi harusi akasema, tabasamu limeanza kumganda. "Jua linanichoma."

"Leo sipigi."

"Hupigi nini?"

"Sipigi picha juu ya ngazi hizi. Samahani sana, umependeza kweli. Ubaya si wako."

Minong'ono ikaanza. Mama yake bibi harusi, mwanamke mpana mwenye mkoba mpana, akauliza kwa sauti hapa kuna mchezo gani. Mama Mkubwa akatoka mlangoni taratibu, mkono mmoja kwenye reli ya shaba, kama kawaida yake. Pini alikuwa amepiga magoti nyuma ya bibi harusi, anaweka sawa pindo, mdomo umejaa pini.

"Binti," Mama Mkubwa akasema kwa ile sauti yake ya kuzungumza na wateja wenye madeni. "Unataka nini?"

"Gauni."

"Utaletewa. Siku zote si unaletewa?"

"Sitaki kuletewa, mama. Nataka kuingia. Nishike kitambaa, nikatae matatu, ninunue la nne, nilalamike bei. Kama wateja wako wote."

Watu wakacheka. Mama Mkubwa hakucheka.

"Sawa. Nyuma kuna mlango wa mizigo, hauna ngazi. Zunguka, watakufungulia."

"Mimi si mzigo."

Kicheko kikakatika. Jicho hakupaza sauti, lakini kila mtu alimsikia, mpaka wale waliokuwa ng'ambo.

"Muulize Pini," akasema. "Jana aliniahidi atakwambia. Pini, ulimwambia?"

Nyuso zote zikamgeukia. Pini alitazama juu, akaona uso wa Mama Mkubwa. Akatazama chini, akaona macho ya Jicho, yamefunguka wazi yakimngoja. Mdomo ulikuwa umejaa pini. Hakuna jibu lililoweza kupita.

Ndipo akafanya kosa ambalo mpaka leo akilikumbuka huuma kidole. Alizitema pini kiganjani, akashuka ngazi mbio, akainama, akamnyanyua Jicho mikononi mwake, akapanda naye.

Watu wakalipuka kwa makofi. "Mwanamume huyo!" mmoja akapiga kelele. Bibi harusi akafuta chozi. Pini alihisi uzito wa Jicho kifuani, shingo yake karibu na shavu lake, manukato yake, na moyo ukamjaa kama tanga. Akajisemea, hii ndiyo siku yangu. Akapita katikati ya sanamu za nguo, akamketisha kwenye stuli ya kujaribia viatu, akasimama mbele yake akihema na kutabasamu.

Jicho hakutabasamu.

"Kiti changu kiko wapi?" akauliza.

Pini akageuka. Kupitia kioo cha dirisha, kiti kilionekana peke yake kando ya barabara, kama mbwa aliyefungiwa nje. Mama yake bibi harusi alikuwa ameweka mkoba wake juu yake.

"Nilitaka uingie," Pini akasema.

"Na nani aliyeingia? Kilichoingia ni kitu ulichokibeba." Machozi hakuyaruhusu. "Wewe fundi. Hata mtu usiyemjua humgusi bila kumuomba. 'Samahani dada, naomba nipime kiuno.' Si ndivyo unavyosema? Mimi umeninyanyua mbele ya mtaa mzima kama robota la kitambaa. Uliniuliza?"

"Sikuku..."

"Uliniuliza, Pini?"

"Sikukuuliza."

"Haya. Lile gauni la kijani liko pale mwisho. Ndio nililolifuata. Niambie, nalifikaje?"

"Nikuletee..." Pini alianza, halafu akajisikia mwenyewe.

"Umejisikia?"

Alijisikia. Alitamani sakafu impokee.

"Niletee kiti changu," Jicho akasema. "Hicho ndicho unachoweza kuniletea leo."

Pini akakiburura kiti mpaka juu, gurudumu kwa gurudumu, mkoba ungali juu yake. Jicho akajihamishia mwenyewe, mikono yake yenye nguvu ikimbeba toka stulini, akaupakata mkoba, akaweka sawa sketi, akainua kidevu. Hakulitazama gauni la kijani hata mara moja. Akaenda mpaka mlangoni, na pale juu ya ngazi akageuza kiti, mgongo ukaelekea barabarani.

"Shika vishikio. Usinivute mpaka niseme. Gurudumu la nyuma kwanza. Sasa. Polepole. Simama! Nimesema simama? Nimesema. Haya, tena."

Hivyo ndivyo walivyoshuka, yeye akiamuru, Pini akitii, na mtaa mzima ukitazama. Hakuna aliyepiga makofi. Walipofika chini, Jicho aliurudisha mkoba kwa mwenyewe, akafungua breki.

"Usivuke barabara hii tena na nguo mkononi," akamwambia Pini, taratibu, ili asikie yeye peke yake. "Na bila nguo vilevile, usivuke."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nami niweze kuja kwako kama wewe unavyokuja kwangu."

Akaondoka. Na hapo bibi harusi, aliyekuwa amesahaulika juu ya ngazi, akakusanya mkia wa gauni lake mikononi kama mtu anayekusanya nguo zilizoanikwa mvua ikinyesha.

"Unakwenda wapi?" mama yake akapiga kelele.

"Studio! Picha nimekuja kupigwa na yeye, sikuja kupigwa na ngazi. Tena zenyewe zinateleza."

Gauni la duka la Mama Mkubwa likavuka barabara, likaingia ng'ambo, na mlango ukafungwa nyuma yake.

*

"Umeniaibisha," Mama Mkubwa akasema. Duka lilikuwa limebaki tupu. "Yule binti kaniaibisha, na wewe ukamsaidia."

Pini alikuwa amesimama mbele ya kioo. Zile pini alizozitema zilikuwa zingali kiganjani; alikuwa amezifumbata wakati wote, na baadhi zilikuwa zimemchoma. Akaanza kuzichomeka kwenye kimto chake cha pini, moja moja, mpaka mkono ukawa mtupu na mdomo mtupu.

"Mimi ndiye niliyeaibisha watu leo, mama mkubwa. Nimemwaibisha yeye. Aliniomba neno moja tu, nikashindwa kulisema."

"Neno gani?"

"Sasa nalisema. Ngazi zile zitolewe. Kuwe na mteremko mlango wa mbele."

"Wewe! Ngazi alizozijenga baba yako mkubwa kwa mikono yake? Alikuwa anakohoa damu, anapanga marumaru! Nizing'oe kwa sababu ya msichana anayekutia wazimu?"

"Baba mkubwa alizijenga ili watu wapande. Hakuzijenga ili mtu abaki nje."

"Usiniambie mume wangu alitaka nini." Aligonga kaunta. "Na huyo, tuseme umemwoa. Haya. Nani atakupikia?"

"Kwani sasa nani ananipikia?" Pini akauliza. "Napika mimi. Wewe mwenyewe unakula."

Mama Mkubwa akashika kitambaa, akakikunja. Hilo lilikuwa kweli, na jana yake alikuwa ameomba sahani ya pili.

"Ingia nyuma," akasema mwishowe. "Kuna magauni yanangoja pindo. Mambo haya yameisha."

Ndipo likaja. Pini mwenyewe alishangaa jinsi lilivyotoka kirahisi, kama uzi unaopita tundu la sindano baada ya kuukosa mara nyingi.

"Hapana."

"Umesemaje?"

"Hapana, mama mkubwa. Duka ni lako. Mikono ni yangu. Na mikono hii haitashona pindo la gauni lolote litakalosimamishwa juu ya ngazi zile."

"Unanifukuza ndani ya duka langu?"

"Sikufukuzi. Nakupenda, na sitoki. Nitakaa hapo nje, utakuwa unaniona."

Na kweli akakaa. Jumatatu duka lilipofunguliwa, fundi bora wa mtaa alikuwa ameketi kwenye ngazi za marumaru, tepu shingoni, mikono mapajani. Jumanne vilevile. Wateja walimpita wakiuliza ana nini, naye akawajibu kwa adabu kwamba amegoma. Ndani, Mama Mkubwa alijaribu kukunja pindo mwenyewe, na bibi harusi aliyelivaa gauni lile akatoka akiwa kama mtu aliyesimama kwenye ubavu wa kilima.

Pale alipoketi Pini, macho yake yaliangalia moja kwa moja studio. Alimwona Jicho akifungua mlango asubuhi. Alimwona akipanga fremu, akila, akiongea na simu. Hakumpungia. Naye Jicho hakumpungia. Lakini kulikuwa na pazia kwenye dirisha la studio ambalo siku zote mchana hufungwa, kwa sababu ya jua kufifisha picha. Wiki ile halikufungwa. Mara moja, alasiri, macho yao yalikutana juu ya magari yanayopita. Basi likapita, likawakata. Lilipokwisha kupita, Jicho alikuwa angali anamtazama. Pini alikuwa tayari kusimama. Miguu ilishamwanza. Akajikamata magoti kwa mikono miwili, akabaki ameketi, kwa maana alikatazwa kuvuka, na safari hii alikusudia kusikia anachoambiwa.

Alhamisi Mama Mkubwa akatoka. Akashika reli, akashuka hatua moja, akaketi karibu yake. Miaka yote ya ngazi zile, hakuwahi kuzikalia.

"Zina baridi," akasema.

"Ukikaa unazizoea."

Wakakaa kama watu wawili wanaongoja basi.

"Ukizing'oa," Mama Mkubwa akasema, akiangalia mbele, "hayo marumaru utayatupa?"

"Sitatupa hata kipande. Yatalazwa. Mawe yale yale aliyoyashika baba mkubwa, badala ya kusimama yatalala. Mwashi atayachanja kidogo yasiteleze."

"Na mabibi harusi?"

"Mkia wa gauni ukitandazwa kwenye mteremko, mama mkubwa, haukunjiki popote. Unashuka kama maji."

Mama Mkubwa aliguna. Alikuwa mfanyabiashara, na akili yake ilikuwa imeshaiona picha hiyo kabla moyo haujakubali.

"Nilisema neno baya siku ile," akasema polepole. "Lile la miguu."

"Ulisema."

"Na wewe ukaitikia 'mm.'"

"Niliitikia. Sitaitikia tena."

Mama Mkubwa akautazama mlango wa studio.

"Akija, yule binti. Ataniamkia?"

"Atakuamkia, mama mkubwa," Pini akasema. "Akishaingia."

"Jeuri hiyo umeitoa wapi, wewe mtoto?"

"Ng'ambo ya barabara."

Mama Mkubwa alimpiga kofi la begani, si la nguvu sana, kisha akaegemea begani pale pale ili asimame, akapanda ndani bila kuongeza neno. Baada ya muda Pini akamsikia akimpigia simu mwashi, akimgombeza kana kwamba ni yeye aliyechelewesha kazi.

*

Mwashi alikuja na kamba yake, patasi na penseli nyuma ya sikio. Akapima, akarudi nyuma, akapima tena.

"Haya, bwana," akamwambia Pini. "Mteremko uanzie wapi? Nikiufanya mfupi utakuwa mkali. Nikiufanya mrefu utaingia njia ya watu. Upana je? Reli ibaki au itoke?"

Pini alifungua mdomo kumjibu. Alikuwa na majibu. Usiku kucha alikuwa akiuchora mteremko ule kichwani, jinsi utakavyokuwa mzuri, jinsi atakavyoufunika kwa kitambaa na kuufunua Jicho akiwa anatazama, na mtaa ukipiga makofi. Akayakumbuka makofi. Akaufunga mdomo.

"Sijui," akasema.

"Hujui? Sasa nani anajua?"

"Kuna mtu wa kumuuliza."

Mwashi akageuka, akaona dirisha la ng'ambo, akamwona Jicho na kamera yake. "Si huyo pale anatuangalia? Vuka umuulize, nianze kazi."

"Nimekatazwa kuvuka."

Mwashi akamtazama kama mtu anayetafuta dalili za homa. "Basi mimi nakaa kivulini. Ukiruhusiwa uniambie."

Pini akaenda nyuma ya duka, akasafisha meza ya kukatia, akachukua karatasi. Barua hakuwahi kuandika tangu shule. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Alitaka kusema habari za basi lililowakata, na za pazia. Kalamu ikakataa. Mwishowe alichoandika kilikuwa hiki:

*Jicho,*

*Nilikubeba bila kukuuliza. Nimekosa. Sitarudia.*

*Mama mkubwa amekubali. Ngazi zinatoka, mlango ule ule wa mbele. Mwashi yuko hapa na patasi, anauliza mteremko uweje, upana gani, reli ikae wapi, na kioo kitundikwe urefu gani. Nimemwambia mimi sijui. Anayejua ni wewe. Asiguse jiwe mpaka uje umwambie. Akikosea, mwambie abomoe aanze upya. Nitakuwa kando na sitasema kitu, isipokuwa nikiulizwa.*

*Gauni la kijani lipo. Sikuletei. Watu wawili wametaka kulinunua, nimewaambia lina mteja ambaye hajaingia bado.*

*Lile swali langu ninalo bado. Nitaliuliza siku utakapokuwa ndani, kwenye kiti chako, kwa mdomo mtupu. Ukinijibu hapana, nitaelewa. Neno hilo nimelijua juzi tu, na nimeona si baya.*

*Pini*

Aliisoma. Kwenye meza kulikuwa na kipande kidogo cha kitambaa cha kijani kilichobaki lilipopunguzwa lile gauni. Bila kufikiri akakikunja, akakitia ndani ya bahasha, ili Jicho akishike. Alipotaka kuilamba gundi, mkono ukasita. Akakitoa kile kipande, akakirudisha mezani. Hata hicho alikuwa anampelekea.

Posta, nyuma ya dirisha, karani mwenye miwani alisoma anwani mara mbili.

"Hii si ile studio iliyo mkabala na duka lenu?"

"Ndiyo yenyewe."

"Sasa stempu ya nini, kijana? Si uvuke tu umkabidhi mkononi?"

"Nimekatazwa."

Karani akavua miwani. "Pole. Lakini ujue, barua ikiingia hapa inakwenda kwanza makao makuu, inachambuliwa, inapangwa, inarudi huku, ndipo tarishi aichukue. Itazunguka mji mzima ili ivuke barabara moja."

Pini aliitazama bahasha. Akawaza habari za mlango wa mizigo, na za magauni matatu yanayovuka, na za miaka yote ile chini ya ngazi na kamera mkononi.

"Mwenzangu amezungushwa miaka yote," akasema. "Barua yangu nayo acha izunguke."

Akailamba gundi. Akaibana kwa vidole gumba vyote viwili, toka pembe hii hadi ile, polepole, kama anavyobana pindo ambalo hataki lifumuke tena. Akabandika stempu, akasogea kwenye sanduku, akaitumbukiza, na hakuondoka mpaka alipoisikia ikigonga chini.